Mama, Nauli Imeshuka

Cape Town
3 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Najua ukiona barua pepe badala ya simu moyo utakudunda, kwa hiyo naanza na kheri: sie wazima, na mtoto ameanza kurusha mateke mpaka Farhan anayasikia kwa mkono. Nimeandika kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno zito halisemwi kwenye simu, linapigwa chapa. Miaka yote ile ya kuwapigia mabosi wa kiwandani barua zao imekuharibu, nami umeniambukiza.

Neno lenyewe ni hili: nakuomba uje. Daktari anasema katikati ya Septemba. Natamani ufike mwisho wa Agosti, uwepo siku yenyewe, ukae na mie mpaka arobaini iishe. Desturi naijua, mimba ya kwanza binti hurudi kwao. Lakini Farhan huko kwenye maghala ya samaki bandarini hawampi likizo ya maana, na ameapa kwamba mtoto akilia mara ya kwanza yeye atakuwa mlangoni. Nikija huko atamwona mwanawe kwenye simu. Sikuwa na moyo wa kumnyima. Basi badala ya mie kuja kwa mama, mama aje kwangu.

Nauli usiiogope, niachie mie. Siku hizi nimekuwa bingwa. Nafuta kumbukumbu zote za simu kabla ya kutafuta, maana wanasema mtandao ukishajua una shida unakupandishia bei, kama muuza nazi aliyesikia una wageni. Ijumaa sitazami kabisa, eti siku hiyo bei hupanda. Wewe nipe jibu tu.

Mwanao,
Munira


Chang'ombe, Temeke
6 Mei 2025

Mwanangu Munira,

Marahaba.

YAH: OMBI LA KUJA CAPE TOWN. Ombi lako limepokelewa na limekubaliwa bila masharti. Hivyo ndivyo ningeandika kama ningekuwa bado na taipureta yangu, siyo kijisimu hiki ninachokidonoa kwa kidole kimoja kama kuku.

Nimefurahi mpaka nimeunguza maandazi. Pasipoti ninayo, ile niliyochukua kwa ajili ya umra ambayo mpaka leo Mungu hajaiandika. Begi nimeshaanza kulipanga. Nimeweka mkaja wa kukufunga tumbo, mafuta ya nazi, samli, mdalasini, pilipili manga ya kutosha supu za arobaini nzima, na udi, maana sijui huko kwenu wazazi wanafukizwa na nini. Fundi Mbwana, yule mzee wa mafriji unayemjua, amenipimia begi kwenye mizani yake ya mitungi ya gesi. Anasema limezidi. Nimemwambia mizani yake ndiyo imezidi.

Anasema pia niombe kiti cha dirishani. Mimi nataka cha katikati, nishikwe na watu pande zote mbili. Na uniunganishie ndege mara moja tu. Kichwa changu hakiwezi viwanja vinne kwa siku moja, nitajikuta nimeshukia nchi ya watu nisiyoijua hata salamu yake.

Mama yako,
Tunu binti Mwinjuma


Cape Town
24 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Ripoti ya nauli. Ya kupitia Johannesburg ipo juu, lakini inapumua, juzi imeshuka kidogo. Ya kupitia Nairobi ni nafuu ila utakaa uwanjani hapo usiku kucha, sikubali. Kuna moja bei chee kweli kweli, inapita Addis na sehemu nyingine mbili. Farhan kaisoma akasema kwa njia hiyo bora upande punda. Nasubiri. Mwezi wa sita huwa wanatoa ofa.

Halafu nikuulize. Juzi tulipokuwa tunaongea kwenye video nilisikia mtu anakohoa uani, ukasema ni fundi kaja kutazama friji. Friji hilo linaumwa kila siku? Liuze bwana, ununue jipya.

Nilivyokuona ulivyopendeza na lile gauni la kijani nilifurahi. Nilidhani ukibaki peke yako utachakaa. Ndiyo maana nikipigaga simu sitaki kukata.

Munira


Chang'ombe
17 Juni 2025

Munira,

Nimechelewa kukujibu, na simu zako nimeziona. Kamera ya simu imeharibika, tutakuwa tunasikilizana sauti tu. Nilikuwa na shughuli nyingi hapa nyumbani.

Kuhusu safari, nimefikiri nikaona nauli ni kubwa mno. Msijitie kwenye shida kwa ajili yangu. Tutazame mwezi wa kumi, katikati hivi. Nasikia bei zinakuwa nzuri.

Kula vizuri. Usiinue ndoo.

Mama


Cape Town
18 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Mwezi wa kumi? Mama, mwezi wa kumi mtoto atakuwa ameshazoea kunyonya na mie nitakuwa nimeshalia machozi yote. Nani atanikanda? Farhan? Yule akishika kitambaa cha maji moto anakipuliza yeye kwanza.

Kama ishu ni bei, basi sikia: nauli imeshuka! Ile ya Johannesburg imepungua karibu nusu kwa atakayesafiri Jumanne au Jumatano ya mwisho wa Agosti. Nimeitazama mara nne nisije nikawa naota. Kuunganisha mara moja tu, kama ulivyotaka. Sema ndiyo, naikata leo.

Munira


Chang'ombe
29 Juni 2025

Mwanangu,

Nimemwonyesha Brightson, mtoto wa Mama Elinaza jirani yetu, maana yeye anauza tiketi pale barabarani. Anasema hiyo ni ya begi la mkononi tu. Sasa nije huko na mikono mitupu, nikukande na nini, dua? Rahisi huvunja upishi, mwanangu. Mtu akikuuzia kwa bei ya kutupa, jua kuna kitu amekitoa.

Halafu goti hili la kushoto limeanza tena. Kukaa kwenye kiti muda wote huo sidhani kama litakubali.

Tafuta ya mwezi wa kumi. Ukipata yenye begi kubwa, ndiyo hiyo.

Mama


Cape Town
9 Julai 2025

Mama,

Nimekata.

Niliwapigia, nikawaomba, nikaongeza begi kubwa, bado ikatoka chini ya ile ya kwanza. Nikaomba na kiti chenye nafasi ya kunyoosha goti. Ilikuwa ofa ya siku hiyo hiyo, nikaona nikikusubiri utaleta sababu nyingine. Tarehe 26 Agosti, saa tano asubuhi. Jina ni lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Hairudishwi na haibadilishwi, kwa hiyo usiniambie habari ya mwezi wa kumi tena.

Sasa niseme na lililo moyoni. Mwanzoni nilidhani unaogopa ndege, nikawa nacheka. Sicheki tena. Begi nimelipia, goti nimelipatia nafasi, nauli nimeiteremsha mpaka chini, na kila nikikuletea jibu unanitafutia swali jipya. Kamera haiponi. Simu unapokea kwa sauti ya mtu aliyeitwa polisi. Wiki iliyopita kliniki kulikuwa na darasa la wazazi wa mara ya kwanza, kila mmoja na mama yake au dada yake. Nesi akaniuliza wangu yuko wapi. Nikasema anakuja. Nikajisikia muongo.

Kama ni woga, sema. Kama Farhan kakuudhi, sema. Na kama hunitaki, Mama, sema pia, nijue moja.

Munira


Chang'ombe
11 Julai 2025

Mwanangu Munira,

Nimeisoma. Nilipofika pale "kama hunitaki" niliiweka simu chini nikaenda kukaa jikoni. Sasa nasema. Unisome ukiwa umekaa, na Farhan awe karibu. Mtoto hana kosa, wewe huna kosa, na mimi sina kosa.

Niko eda.

Nilikuwa na mume. Ni Mzee Mbwana, fundi wa mafriji. Alifariki Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano. Aliswali alfajiri, akalala tena kidogo, hakuamka. Tumemzika kwao Chamazi. Toka siku hiyo niko ndani, nimevaa nyeupe, sijipaki hata mafuta yenye harufu, na sitatoka mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Ndiyo maana mwezi wa kumi. Ndiyo maana kamera.

Utakumbuka mshenga alipokuja na barua ya kuniposa, wewe hujaolewa bado. Ulilia. Ukasema siku utakayorudi ukamkuta mwanamume mwingine kwenye kiti cha baba yako, hutakanyaga tena nyumba hii. Shangazi yako Najat naye akaja juu, kwamba mjane wa kaka yake haendi kokote. Nikaijibu ile posa kwa hapana. Mbwana akaipokea kwa adabu zote, akaendelea kunitengenezea friji. Ulipoolewa ukaondoka, nyumba ikabaki na mimi na ule mngurumo wa friji. Alipouliza tena nikasema ndiyo. Mjomba wako aliniozesha msikitini, mwaka jana mwezi wa Shaaban, watu wachache na sufuria moja ya pilau. Ndoa ya halali, mchana kweupe. Sikumnyang'anya mtu mume.

Ila kukuambia kulinishinda. Nilisema nitakuambia siku ya Idi, Idi ikapita. Nikasema ukishika mimba utakuwa na furaha, nikaogopa kuiharibu furaha. Kila ukipiga simu ya video Mbwana aliinuka na kikombe chake cha chai akaenda kukaa uani mpaka tumalize. Kikohozi ulichosikia ni chake. Baadaye tulikuwa tukicheka, ananiambia, "Binti yako leo kanichomesha jua." Siku hizi nikikumbuka nalia.

Uliponiita nije huko, yeye alifurahi kunishinda mimi. Mpango wake ulikuwa kwamba nikirudi tukuambie, maana mtu akiwa na mtoto mikononi hawezi kukasirika sana. Hakuungoja mpango wake.

Msiba nilikuficha kwa sababu mwenye mimba hapelekewi habari ya kifo. Mtaa mzima tuliafikiana, hata shangazi yako ambaye hatuongei naye vizuri alifunga mdomo kwa ajili yako. Nikatafuta pa kujificha, nikaiona nauli. Nikajificha nyuma ya bei, ukaishusha. Nikajificha nyuma ya begi, ukalilipia. Nikaleta goti, ukalitafutia kiti! Mwanangu, Mungu kakupa akili, na safari hii umenimaliza nayo.

Nilimuuliza shehe kama ipo ruhusa ya kumfuata binti anayezaa. Alinieleza kwa upole kwamba mwenye eda hasafiri. Lakini sikufichi: hata angenifungulia mlango nisingepanda ndege. Mtu yule nilimficha uani alipokuwa hai. Nikiondoka bila kumkalia eda yake nitakuwa nimemficha tena, na safari hii hawezi hata kunitania. Hilo sitaki. Na wewe kuzaa peke yako sitaki pia. Yote mawili yamenikaa kooni, hayamezeki wala hayatemeki.

Kwa tiketi yako nisamehe. Kwa kukuficha nisamehe pia. Kwa kuolewa siombi radhi.

Mama yako,
Tunu binti Mwinjuma


Chang'ombe
20 Julai 2025

Munira,

Farhan ameniandikia kwamba uko mzima, ila huongei. Sikuhimizi.

Jana shangazi yako Najat alikuja kutoka Bunju. Anasema haifai uzae ugenini bila mtu mzima wa kike, bora urudi. Ila anasema mzazi mchanga hakai kwenye nyumba ya eda, ni mkosi kwa mtoto, kwa hiyo ufikie kwake. Ameshatandika kitanda na kununua beseni. Nilitaka kumjibu, nikaishia kumwekea chai.

Yeye kitanda anacho kweli, na nyumba yake ina upepo. Nimekuambia ili ujue pa kufikia. Mimi nitaridhika kusikia uko mji mmoja nami.

Mama


Cape Town
25 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Pole. Nilipaswa kuiandika siku ile ile. Pole kwa kufiwa na mumeo. Neno hilo nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena. Mumeo. Mungu amrehemu.

Nilikasirika, sikufichi. Farhan aliniuliza nimekasirikia nini, maana kuolewa ulikuwa na haki. Nikamwambia nimekasirika kwa kufanywa mtu ambaye mama yangu mzazi anamwogopa. Kisha nikakumbuka nilivyolia siku ya mshenga, nikajua mtu huyo nilijifanya mwenyewe.

Ile tiketi ya bei chee niliyokuwa naringia imekufa, na begi lake na kiti chake cha goti. Basi. Farhan mwenyewe ndiye aliyechukua simu akaanza kutafuta nyingine. Hajui chochote, mara ya kwanza alitaka kunipitisha Cairo! Nilimnyang'anya simu. Nikamuuliza, "Na kilio cha kwanza je?" Akasema, "Atalia tena huyo, watoto wana kazi gani nyingine? We nenda kwa mama." Halafu akaenda kuoga akakaa huko muda mrefu. Mama, mtu huyu namuonea huruma, na nimeolewa vizuri.

Kwa hiyo nakuja mie. Tumbo likizidi kukua hawanipandishi ndege, daktari ameniandikia cheti cha kusafiri sasa hivi tu. Naondoka tarehe 5 Agosti, naunganisha Johannesburg, nafika huko jioni. Safari hii sikusubiri ofa, nimekata iliyopo. Kurudi tumekata viti viwili vya mwezi wa kumi na moja, kimoja changu na kingine chako, eda yako itakuwa imeisha na arobaini yangu imeisha. Mtoto atapakatwa. Farhan anasema usipomletea mwanawe na samli ataturipoti polisi sote wawili.

Shangazi nimempigia. Nimemshukuru kwa kitanda na beseni, nikamwambia beseni tutalihitaji, alilete Chang'ombe. Akasema habari ya mkosi. Nikamwambia, "Shangazi, mie naenda kwa mama yangu. Huko ndiko kwetu." Akaguna. Halafu akauliza mtoto ananunuliwa kofia ya rangi gani, kwa hiyo naona atakuja.

Uwanjani najua hutakuja, usianze kuumia moyo. Mama Elinaza amesema atanipokea na Brightson atabeba mizigo. Wewe kaa ndani. Nami nikishajifungua nitakuwa ndani kama wewe, wote wawili marufuku kutoka. Tutakuwa na siku nyingi za kuongea.

Nataka unisimulie Mzee Mbwana. Mie namjua wa bisibisi na mitungi ya gesi tu. Nataka kujua alikuwa anapenda kula nini, alikuwa anakuitaje mkiwa wenyewe, mlikuwa mkigombana kwa ajili gani. Usinifiche tena kitu kwa sababu ya mimba, mimba hii imeshasikia yote.

Na kuna jambo moja lazima nikuambie kabla sijafika, kwa sababu nikiwa mbele yako nitashindwa. Zile simu nilikuwa nazirefusha makusudi. Nilikuwa nimeshamaliza maneno, natafuta mengine, nakuuliza bei ya vitunguu, nakuuliza habari za watu ambao hata siwapendi. Nilidhani nikikata utabaki peke yako. Kumbe kulikuwa na mtu uani anasubiri nikate arudi kukaa na mkewe.

Kila nilipopiga nilimtoa nje, Mama. Sasa nakuja kumkaribisha ndani.

Mwanao,
Munira